Mzee wa Flash na ile Jumatano ya namba moja

Hii niliongea Jumamosi iliyopita mbele ya vijana wachora katuni hapa Dar, wakaniomba niiandike maana mvua ilinyesha na nusu yao walifika nimeshamaliza. Nimeiandika kama nilivyoongea, pale nilipojikanyaga napo nimeacha.

Haya wadogo zangu, asanteni, kaeni tu, msisimame kama nimekuja kukagua gwaride. Mwenyekiti wenu kaniambia niongelee mashabiki, basi, hakusema mashabiki wa nini, nikamwambia wa mpira siwezi, humu ndani nusu Simba nusu Yanga ntatoka bila viatu. Ntaongelea mashabiki wa supahiro, tena mwaka mmoja tu, 2011, mwaka ambao DC, wale wenye Superman na Batman, waliamka asubuhi wakasema ulimwengu wetu wote tunauzima halafu tunauwasha upya. Nauongelea kwa sababu nilikuwepo. Sio kwamba nilikaa na wakubwa mezani, nilikuwa nauza. Nilikuwa naishi kwa dada yangu Ohio, nikapata kibarua duka la komiki, siku tatu kwa wiki, kazi yenyewe kufungua maboksi na kupanga.

Ngoja niwaeleze duka la komiki la kule likoje maana bila hapo hamtaelewa kwanini watu walichanganyikiwa. Komiki mpya zinatoka Jumatano. Kila Jumatano, mwaka mzima. Na mteja wa kudumu ana kisanduku chake nyuma ya kaunta, kimeandikwa jina lake, kazi yangu mimi ilikuwa kila wiki namuwekea vitabu vyake anavyofuatilia, akija hata haulizi, anachukua analipa anakaa kupiga stori. Ni kama Mangi wa mtaani kwenu anavyokuwekea mkate wako pembeni kabla hujafika. Sasa mtu kama huyo hanunui kitabu tu jamani, ana miaka 20 au 30 anakuja siku ile ile saa ile ile, kapita ndoa, talaka, kazi kupotea, na Jumatano haijawahi kumpita.

Basi tarehe 31 Mei 2011 ikatoka taarifa. DC wanasema kuanzia tarehe 31 Agosti inatoka Justice League namba 1, kaandika Geoff Johns, kachora Jim Lee, halafu Septemba vitabu vyote, vyote 52, vinaanza namba 1. Na vitauzwa kwa mtandao siku ile ile vinapofika dukani. Bosi wangu hiyo ya mtandao ndo ilimtoa jasho, Superman hakuwa na habari nae kabisa. Wateja wao wakaangalia namba. Action Comics, kile kitabu alichozaliwa Superman 1938, kilikuwa kinaishia namba 904. Detective Comics ya tangu 1937 ilikuwa inaishia namba 881. Hizo namba walikuwa hawajawahi kuzirudisha nyuma miaka yote hiyo, vita vya dunia vimepita, marais wamepita, namba zinapanda tu, halafu mtu anakwambia Septemba ni moja.

Mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa mgeni kwenye hayo mambo, huku nyumbani nimekulia Sani, nimecheka na Ndumilakuwili mpaka mama akaficha gazeti, supahiro nilikuwa nawajua wa kwenye TV tu. Kwahiyo mtoto akiingia dukani akaniuliza anko nianzie wapi, sina jibu. Namwambia chukua hiki, anafungua anakuta watu wanaongelea kifo cha mtu alokufa miaka kumi nyuma kwenye kitabu kingine ambacho hatuna. Kwahiyo DC waliposema tunaanza upya ili mgeni aingie, nikasema hawa watu wana akili. Na nataka mlikumbuke hilo, kwamba walioanzisha hawakuwa wendawazimu, mauzo yalikuwa yanashuka na mlango wa kuingilia ulikuwa umezibwa na makorokoro ya miaka sabini.

Sasa kulikuwa na mteja mmoja, mimi nilimwita Mzee wa Flash, kichwani kwangu tu, usoni namwita sir. Dereva wa basi mstaafu, koti moja kila siku, kahawa yake ya kwenye kikombe cha karatasi haruhusiwi kuingia nayo lakini anaingia nayo. Huyu mzee kisanduku chake kilikuwa Flash, yule shujaa mwenye mbio kama umeme, Flash na Flash, na Flash wake ni mmoja anaitwa Wally West. Nawaeleza haraka wale msiomjua. Flash wa mwanzo wa zama zile ni Barry Allen, akafa 1985, Wally alikuwa kijana wake wa pembeni, mpwa wa mkewe, akarithi nguo, na 1987 akaanzishiwa kitabu chake mwenyewe. Huyu Wally alikua. Hapo ndo utamu ulipo. Supahiro wengi hawakui, Wally alianza kijana mjinga mjinga anapenda hela na wasichana, akakutana na mwandishi wa habari Linda Park, akaoa, wakapata mapacha. Mzee na yeye katika miaka hiyo hiyo akaoa akapata watoto, mnaelewa? Walikuwa wanakwenda sambamba.

Taarifa zikaanza kutoka kidogo kidogo, nani yupo nani hayupo. Flash mpya ni Barry, alisharudishwa kutoka kaburini kabla ya hapo. Mzee akaniuliza, na Wally? Nikamwambia ngoja tuone. Tukangoja. Wally hayupo. Hajafa, hajahama, hayupo tu, hajawahi kuwepo, wale watoto mapacha hawajawahi kuzaliwa, ndoa yake na Linda haijawahi kufungwa. Na kejeli yenyewe ni kwamba stori iliyoleta huo mwanzo mpya, Flashpoint, aliyeharibu dunia ni Barry, karudi nyuma kwenye wakati kumuokoa mama yake asiuawe, kila kitu kikavurugika. Yaani mjomba ndo kamfuta mpwa.

Mzee hakupiga kelele. Watu walidhani mashabiki wote walikuwa wanatukana kwenye mitandao, ni kweli wapo waliotukana, tena sana, lakini yule mzee alisimama pale kaunta akaniambia, kijana, wangemuua ningelia nikamaliza, hawa wananiambia nilikuwa nimelala.

Hilo neno sikulisahau. Na hapo ndo nikaanza kuangalia kwa makini, maana kama kweli umeamua kuanza upya mimi sina neno, vunja nyumba yote tujenge. Lakini DC hawakuvunja yote. Batman hawakumgusa. Green Lantern hawakumgusa. Hao vitabu vyao vilikuwa vinauza vizuri, kwahiyo vikapewa namba 1 kwenye jalada ila ndani stori inaendelea pale pale ilipoishia kama hakuna kilichotokea, na mwandishi wa Green Lantern ni huyo huyo Geoff Johns aliyeandika Flashpoint, na ofisini alikuwa mkubwa wa mambo ya ubunifu. Sisemi alifanya makusudi. Nasema angalia nani nyumba yake ilibaki.

Halafu wakasema kwenye ulimwengu mpya mashujaa wana miaka mitano tu tangu waanze kuonekana. Sawa. Sasa chukueni kalamu tupige hesabu, nyie wa kule nyuma na nyie. Batman ana miaka mitano kazini. Ndani ya miaka mitano kapitisha Robin, yaani kijana wake msaidizi, wa kwanza Dick, akakua akaondoka. Wa pili Jason, akafa, akafufuka, akawa adui, akarudi nusu rafiki. Wa tatu Tim. Wa nne Damian, huyu mwanae wa kuzaa, na Damian ana miaka 10. Kumi! Jamaa alikuwa anabadilisha Robin kama watu wanavyobadilisha mahausigeli. Mashabiki wakacheka mpaka basi, michoro ya kalenda ikazunguka kila mahali, na DC kila wakijibu swali moja yanazaliwa matatu, mara huyu hakuwa Robin rasmi, mara tukio lile lilitokea lakini sivyo hivyo.

Kwahiyo hasira haikuwa ya kubadilishiwa stori. Hawa watu wamezoea kubadilishiwa, ndo kazi yao. Hasira ilikuwa ya kugundua kwamba kuna meza kuu na kuna wale wa kusimama nje ya turubai. Ukiwa umewekeza ujana wako kwa Batman, kumbukumbu zako zinahesabika. Ukiwa uliwekeza kwa Wally, au kwa Stephanie Brown, au Cassandra Cain, mabinti waliowahi kuwa Batgirl, au ndoa ya Superman na Lois ya 1996, pole. Na Superman walimvua na ile chupi nyekundu ya juu ya suruali, wakamvalisha kitu kama deraya chenye kola shingoni. Mnacheka, lakini kuna mtu alirudisha kitabu dukani kwa ajili ya chupi. Nilikipokea mimi.

Nizungumzie la Barbara Gordon kwa sababu hapo mimi mwenyewe nilibishana halafu nikanyamaza. Barbara alikuwa Batgirl, 1988 Joker akampiga risasi, akapooza, akawa kwenye kiti cha magurudumu, na badala ya kupotea akawa Oracle, mtu wa kompyuta, ndo jicho na sikio la mashujaa wote, hata Batman anampigia yeye kuuliza. Zaidi ya miaka 20 hivyo. Mwaka 2011 wakasema anasimama, anarudi kuwa Batgirl. Mimi nikasema si vizuri, kapona! Kulikuwa na dada mmoja mteja wetu, anatumia kiti, alikuja dukani akinunua Birds of Prey, kitabu cha Oracle na wenzake, akaniangalia akauliza, kwani alikuwa anaumwa? Nikakosa pa kuweka uso. Maana kwake Oracle hakuwa mgonjwa anayesubiri dawa, alikuwa shujaa peke yake kwenye rafu yote ile anayekaa kama yeye. Na kwenye stori mpya alitibiwa wapi unadhani? Kliniki, Afrika Kusini. Nikajisemea angalau bara limetajwa, ila sikumwambia yule dada.

Na aliyepewa kuandika hiyo Batgirl ni Gail Simone, ndo yule yule aliyemwandika Oracle kwa miaka, na katika waandishi wa vile vitabu 52 vya mwanzo mwanamke alikuwa yeye tu. Hilo nalo liliwaka. Julai ile, kwenye maonyesho makubwa ya San Diego, mwanamke mmoja kavaa nguo za Batgirl akawa anaenda kikao kimoja baada ya kingine, anasimama kwenye maiki anauliza wanawake wako wapi, ukumbi mwingine wanamzomea, na yeye kesho yupo tena. Halafu Septemba tarehe 21, siku moja, vikatoka Catwoman namba 1 na Red Hood and the Outlaws namba 1. Kwenye hicho cha pili yumo Starfire, yule ambae watoto wa dunia nzima walimjua kwenye katuni ya Teen Titans, msichana mcheshi, anashangaa kila kitu, anapenda marafiki zake kupita kiasi. Wamemrudisha hana nguo za maana, marafiki hawakumbuki vizuri, na anajigawa kwa wanaume kama karanga za msibani. Mama mmoja alikuja kumnunulia binti yake, nilikifungua nikampa kingine. Sikumueleza kwanini na yeye hakuuliza, alikuwa ameshaona jalada.

Sasa msije mkasema huyu bwana kaja kuwaponda DC. Ile Jumatano yenyewe, Agosti 31, ilikuwa sherehe! Duka lililokuwa linauza kwa watu wale wale sitini lilikuwa na foleni mpaka nje. Watu sijawahi kuwaona. Kuna baba kaja na watoto wawili anasema aliacha kusoma 1992. Justice League namba 1 maduka yaliagiza zaidi ya nakala laki mbili, wakachapa tena na tena, na Septemba hiyo DC wakawapita Marvel kwenye mauzo. Na vitabu vizuri vilikuwepo, tena vizuri kweli kweli. Batman ya Scott Snyder na Greg Capullo, ile ya mahakama ya bundi, nilisoma nimesimama stoo mpaka bosi akanifuata. Wonder Woman ya Azzarello na Cliff Chiang, ingawa nako kuna waliolia, maana miaka yote aliumbwa kwa udongo bila baba halafu ghafla wakampa baba, Zeus. Animal Man hata sikumjua kabla ya hapo, nikawa namsukumia kila mteja.

Ila tatizo la mgeni wa sherehe ni kwamba anakuja na sherehe. Mwaka wa pili foleni ikaisha. Wale wapya wengi wakarudi kwenye mambo yao, na ukigeuka kuangalia visanduku nyuma ya kaunta, vya Jumatano zote, kuna nafasi. Cha Mzee wa Flash kilikuwa kitupu kuanzia Oktoba ile ile ya 2011. Hakusema nimeacha. Aliendelea kuja Jumatano kwa mazoea, anasimama na kahawa yake, anaangalia rafu, anaondoka. Nilimsihi, nikamwambia hii Flash mpya ya Manapul na Buccellato michoro yake ni moto, hebu fungua tu uone kurasa wanavyozipanga. Akafungua. Akasema kweli nzuri. Akairudisha.

Siku moja duka halina mtu, mvua ya baridi ile ya kule inayochoma, nikamuuliza mzee, kwani huyu Wally ulimpenda tangu mwanzo? Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akasema mwanzo alimchukia. Akasema 1985 walivyomuua Barry kwenye ile Crisis on Infinite Earths ya Wolfman na Pérez, alikuwa kijana, aliandika barua kwa mkono, akabandika stempu, akawatumia DC kuwaambia hatonunua tena kitabu chao maisha yake yote. Na kwamba huyo mtoto Wally aliyevalishwa nguo za marehemu alimuona mwizi. Akakaa mwaka na zaidi, akapita dukani akakuta namba za mwanzo za Wally, akachukua moja kuona wanavyoharibu. Hakuacha tena mpaka 2011.

Sasa hapo nyie mnaotaka kuchora na kuandika nataka mkae na hiyo kidogo, maana mimi imenisumbua miaka. Kipenzi chake alichokuja kukililia kilizaliwa kwenye kifo alichokililia. Na mimi nawajua vijana walioingia 2011 hiyo hiyo, Superman wa kola ndo Superman wao wa kwanza, na 2016 DC walipomuua huyo wakamrudisha yule wa zamani mwenye Lois na mtoto, vijana wale wakalia kilio kile kile, neno kwa neno, na wakubwa wakawacheka. Nikasema subirini, si mlikuwa hivyo hivyo juzi?

2016 nilikuwa nimesharudi Dar. Mwezi Mei DC wakatoa kitabu kimoja, DC Universe Rebirth, kurasa 80, dola mbili na senti 99, kaandika Johns huyo huyo. Na stori yake, nikwambie, mimi naisoma kama kampuni inakiri kosa bila kutaja neno kosa. Wally West yupo, wa zamani, kanasa nje ya wakati, anatokea kwa umeme kwa Batman, kwa mzee Johnny Thunder, anaomba mtu mmoja amkumbuke ili asiyeyuke. Hawamkumbuki. Anaenda kwa Linda, mkewe, Linda anamuangalia kama unavyomuangalia mtu aliyepiga hodi nyumba siyo. Anakata tamaa, anaenda kwa Barry, sio kuokolewa, kuaga tu na kushukuru. Anaanza kupotea, na Barry anamkamata mkono. Anamvuta. Wanakumbatiana ukurasa mzima. Na ndani ya kitabu wanasema kuna mtu kawaibia miaka kumi. Lawama wakamtupia kiumbe wa kwenye stori, mambo ya wakubwa hayo, ofisini hakuna aliyeiba.

Baadae wakaja kumharibu tena, 2018 kwenye Heroes in Crisis wakamfanya ndo aliyeua wenzake, nikasema hawa watu hawajifunzi, halafu 2021 wakamsafisha akarudi kuwa Flash mkuu. Na chupi ya Superman ilirudi 2018, Action Comics namba 1000, ndio, elfu moja, maana 2016 waliamua ile namba 1 tusahau, wakaendelea 957 kama hakuna kitu. Yaani walijumlisha 904 na zile 52 walizotoa katikati. Wakahesabu zote.

Haya muda umeisha naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekuja na kitabu chenyewe hiki hapa, kipo kwenye kifuko. Nilikipata posta Agosti 2016, bahasha kutoka Ohio, stempu zake gharama kuliko kitabu, ndani hakuna barua, kuna karatasi ya njano imebandikwa kwenye ule ukurasa wa kukamatana mkono na mwandiko wa mtu mzima unaotetemeka kidogo. Kaandika, "Kijana, sikuwa nimelala." Kipitisheni taratibu kianzie upande huu. Wewe mwenye chipsi subiri, kanawe kwanza.